Kioo cha Arobaini na Moja

Bonde la Mancos, Colorado
18 Juni 1892

Dada yangu Apolonia,

Salamu kwako, kwa mama, kwa shemeji, na kwa mwanao Lucaria, ambaye nadhani sasa ana meno ya kutosha kumng'ata kila anayembeba. Mimi ni mzima. Jua limenichoma mpaka pua inabambuka, na nyumbu mmoja amenipiga teke la paja, lakini ni mzima. Mwambie mama nakula vizuri. Huo ni uongo, lakini mwambie.

Kazi yenyewe ni hii. Bwana Pruett ni mpiga picha. Ana kamera kubwa kama kasha la nguo, inasimama kwa miguu mitatu, na picha zake zinashikwa kwenye vioo, si kwenye karatasi. Karatasi huja baadaye. Mimi navibeba vioo hivyo juu ya nyumbu, navipa namba, na nahakikisha havivunjiki wala havioni mwanga kabla ya wakati wake. Kikiona mwanga mapema kimeharibika. Kwa hiyo miaka sita ya shule ya mbali imenifanya yaya wa vioo. Cheka, nimekuruhusu.

Tunapiga picha za nyumba. Unakumbuka Mjomba Cayetano alivyokuwa akisema watu wetu walitoka kaskazini, kwenye nyumba zilizojengwa ndani ya miamba, nami nikidhani ni hadithi ya kutulaza? Ziko, dada. Ziko juu ya bonde, chini ya paa la jiwe, ghorofa juu ya ghorofa, hadi moshi wa jikoni bado umeganda darini. Kwenye udongo wa ukuta mmoja kuna alama za vidole vya mwanamke aliyekuwa akisiriba. Vigunzi vya mahindi vimelala pembeni, kana kwamba wenyewe wamekwenda shambani tu. Niliposimama mlangoni miguu ilikataa kuingia. Sikuogopa. Nilikuwa nimekuja mikono mitupu.

Karatasi ya pili usimsomee mtu. Najua mama anakusomesha barua zangu kwa sauti, na nusu ya kijiji imejaa mlangoni. Ukifika hapa sema zimebaki salamu tu.

Niliondoka bila kumuaga mjomba. Siku niliyoondoka unaijua, usinikumbushe. Mwombe anipe unga wa kuwasalimia wazee wa kale, ule wa mahindi meupe aliouombea mwenyewe, kwenye kifuko chake cha ngozi. Tafadhali. Kila siku naingia kwenye nyumba za watu kama mwizi.

Mdogo wako,
Eulogio


Kijijini
20 Julai 1892

Mdogo wangu Eulogio,

Barua yako ilikaa mjini Española wiki mbili kwa sababu mwenye duka aliiweka chini ya gunia la sukari akaisahau. Ilipofika ilikuwa na sisimizi. Mama aliibusu hivyo hivyo.

Sisi ni wazima. Mahindi yamefika kiunoni, pilipili zimeanza kutoa maua. Lucaria ana meno sita na ameshamng'ata padri. Mama anakohoa kidogo asubuhi, na kile kipande cha ulanga, jiwe jembamba la kupitisha mwanga, kwenye dirisha lake kimepasuka chote, kwa hiyo ameziba kwa ngozi ya mbuzi. Anasaga mahindi gizani. Wewe uko huko unalea vioo vya watu na mama yako anapapasa ukuta kutafuta jiwe lake la kusagia. Sisemi kitu, nakupa habari.

Umesema nisikukumbushe, sikukumbushi. Ila kijiji kina watu wengi na si wote wanajua kunyamaza. Shangazi Nestora alisema kisimani kwamba walipokukata nywele kule shuleni, labda hawakukata nywele peke yake. Nilimmwagia maji miguuni, kwa bahati mbaya.

Mjomba yupo. Mgongo unamsumbua tangu Machi. Nilikwenda kwake na ombi lako nikamkuta amekaa uani, anachonga mpini wa koleo. Nikamweleza yote, nyumba, moshi, alama za vidole. Akaendelea kuchonga. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti kubwa kama mjinga.

"Apolonia," akasema, "sijawa kiziwi. Nimenyamaza."

Basi nikaondoka. Nakutumia nyama kavu na pilipili za mwaka jana. Unga haumo.

Dada yako,
Apolonia


Bonde la Mancos
30 Agosti 1892

Dada Apolonia,

Nimepata barua na nyama, ingawa nusu ilichukuliwa na panya wa kambini. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua. Mbusu Lucaria, lakini kaa mbali na meno yake.

Tumepiga vioo zaidi ya hamsini. Kila wiki mbili sanduku moja linakwenda Durango, ambako mke wa Bwana Pruett anasafisha picha na kuzipeleka madukani. Bwana si mtu mbaya. Ilipopiga baridi alinipa koti lake mwenyewe, akalala na lile linalovuja. Lakini ana tabia inayonikera hadi mikono inaniwasha. Akikuta chungu kizuri chumba hiki, anakihamisha chumba kile kwa sababu kule mwanga ni mzuri zaidi. Huhamisha jiwe la kusagia, husogeza vigunzi. Nikimaliza kazi narudisha kila kitu mahali pake, naye huuliza, "Eulogio, unatafuta nini huko?" Nasema natafuta kisu changu. Kisu changu kimepotea mara ishirini.

Siku moja alitaka nijifunge blanketi, nisimame mlangoni nimeshika mshale.

"Wazee wangu hawakuwa wanasimama milangoni kungoja kutazamwa," nilimwambia. "Walikuwa na kazi."

Alicheka sana, akapiga picha ya mlango mtupu.

Habari ya unga, usimsumbue tena mjomba. Nilipata namna.

Halafu naomba uniambie kitu. Yule mwenye duka wa Española anauza picha siku hizi? Hizi zinazobandikwa kwenye kadi ngumu? Nauliza tu. Umekwenda huko karibuni? Amekwenda mtu mwingine wa kwetu?

Siwezi kukaa mahali pamoja. Bwana anasema nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nijibu upesi.

Eulogio


Kijijini
15 Oktoba 1892

Eulogio,

Tu wazima. Mahindi tumeyavuna, yamejaa darini, ya buluu mazuri kuliko meupe. Pilipili zimetundikwa ukutani. Mama anakohoa vile vile. Dirisha vile vile.

Ndiyo, nilikwenda Española kuuza vyungu. Nilirudi na chumvi, viberiti, na kitu kingine.

Umeandika kwamba ulipata namna. Namna gani? Niandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Mjomba sasa anatembea kwa fimbo. Ukiniuliza sababu nitakujibu, kwa hiyo fikiri kwanza kabla ya kuuliza.

Apolonia


Durango
12 Novemba 1892

Dada yangu,

Barua yako ni fupi kuliko orodha ya dukani, na nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nakusalimu, nawasalimu wote. Sasa naandika, maana nahisi ulichorudi nacho kutoka Española ni hicho hicho kinachoninyima raha.

Ilikuwa mwisho wa Julai. Barua yako ya "unga haumo" ilikuwa imefika siku mbili kabla. Bwana aliweka kamera kwenye chumba cha ndani kabisa, mahali peusi. Mahali kama hapo jicho la kamera hufunuliwa likaachwa wazi muda mrefu, mtu anaweza kuvuta kiko kizima akamaliza, kwa sababu kioo kinakunywa mwanga polepole. Alifunua, akaniambia nilinde asije popo akaigonga, akateremka kwenye chemchemi kunawa.

Nikabaki peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Juni. Na mfukoni nilikuwa na unga. Utacheka au utalia, sijui. Nilikuwa nimeuchota asubuhi ile.

Bwana alishanieleza kwamba mtu akipita mbele ya kamera iliyo wazi, kioo hakimwoni. Anapita kama upepo, hatoki kwenye picha. Nilimwona mwenyewe mpishi wetu wa kambini akikatiza mara mbili, na kioo kilipotoka hakikuwa na mpishi. Basi nikasema moyoni, hapa sina hatari, kioo hakiwezi kuniona. Nikaingia, nikainama mlangoni, nikawasalimia.

Kosa langu ni kwamba niliwasalimia kama mjomba alivyotufundisha. Unajua salamu ile haina haraka. Unawataja, unasubiri, unawaambia wewe ni nani na mtoto wa nani, unasubiri tena, ndipo unaachia unga. Nilisimama pale kwa muda wake wote, mkono umenyooshwa. Mpishi alikuwa anapita, dada. Mimi nilikuwa nimesimama.

Kioo cha arobaini na moja. Kiliposafishwa huko Durango nilikuwemo. Nimeinama, naonekana lakini ukuta unaonekana ndani yangu, na unga unaanguka kama moshi. Bwana Pruett aliruka kama mtoto. Hajui ni mimi, au anajua na hataki kujua. Chini ameandika "Mzimu wa Nyumba za Mwambani". Hakuna picha yake iliyowahi kuuzwa kama hii.

Nilikuwa peke yangu na wazee, dada. Haikuwa ya mtu mwingine. Sasa iko mezani kwa watu nisiowajua.

Niambie umeiona au hukuiona. Na sasa nauliza: mjomba ana nini?

Eulogio


Kijijini
20 Desemba 1892

Mdogo wangu,

Theluji imefika magotini. Lucaria anatembea, anaanguka, anatukana kwa lugha yake. Mama anakusalimu, na safari hii nimemsomea kila kitu, hata karatasi za siri, kwa sababu siri imekwisha.

Niliiona Oktoba. Ilikuwa imewekwa juu ya meza ya duka, kati ya sabuni na tumbaku. Nilikujua kabla sijaichukua mkononi. Nani mwingine anainamisha bega la kulia namna ile? Nilikuwa na vyungu viwili vilivyobaki, vile vyeusi nilivyokuwa nimevisugua wiki nzima. Nikavisukuma mezani, nikachukua kadi, nikatoka bila kuaga. Niliificha chini ya mahindi darini. Nilikusubiri uniambie. Nilikasirika, Eulogio, sikufichi. Nilikasirika kwamba umeonekana, nikakasirika zaidi kwamba ulininyamazia kama vile mimi ni Nestora.

Mama alipanda kuchota mahindi akaikuta. Aliifunga kwenye kitambaa akampelekea kaka yake.

Sasa kuhusu mjomba. Siku uliyoondoka ilikuwa siku ya kusafisha mfereji. Kila mwanamume alikuwa na kipande chake. Chako, hatua kumi na nane pale kwenye miti ya mipopla, kilibaki na nyasi na tope. Watu walitaka kukigawana. Mjomba akakataa. Alivua viatu akaingia yeye, na umri wake ule, akachimba peke yake mpaka jua linazama. Alipotoka hakunyooka tena. Alituapisha tusikwambie. Kiapo chenyewe nimekivunja leo, nawe ndiye uliyeuliza.

Nilikuwapo mama alipompa mjomba kadi. Aliichukua akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliitazama muda mrefu. Nilisubiri alie au aichane. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Unga ule aliupata wapi?"

Nikasema sijui. Akanirudishia kadi.

Baraza limekaa mara mbili juu yako. Gavana wa kijiji alizungumza kwa upole, lakini maneno yake ni haya: kioo kile kikiwa hai, picha zitaendelea kuzaliwa, na mtu ambaye salamu zake kwa wazee zinauzwa pamoja na sabuni hawezi kushika koleo nasi mwezi Machi. Unajua maana yake. Asiye na kipande mferejini hana maji wala shamba hapa. Atakuja kwa mama kama mgeni anavyokuja, atakula, ataondoka.

Mjomba alikuwapo barazani. Hakukutetea wala hakukushtaki.

Jibu swali lake.

Apolonia


Durango
4 Februari 1893

Dada,

Reli ilizibwa na theluji majuma matatu, ndiyo maana umengoja. Salamu kwa wote. Kwa mjomba sijui nitume salamu gani. Nimejaribu kuandika sentensi kuhusu mgongo wake na kila moja naikata. Hatua kumi na nane. Nilizihesabu mwenyewe nilipokuwa mdogo, nikimpelekea baba uji mferejini. Mwambie naona haya. Hilo ni la kweli na ndilo ninalolipata.

Swali lake nitalijibu bila kuzunguka. Unga ule ulikuwa wa njano, wa dukani, wa gunia la mpishi. Ndio tuliokuwa tukipikia uji wa asubuhi. Ulikuwa na chumvi ndani yake. Niliwaomba wazee radhi, nikawaambia ndio nilionao.

Sasa kioo. Baada ya barua yako nilimwendea Bwana Pruett nikamwomba akivunje. Nikamwambia mzimu ni mimi.

"Najua," akasema. "Nilikujua kwa koti langu."

Nikamweleza nilichokuwa nafanya pale ndani na kwa nini hakipaswi kutazamwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi. Amezunguka na kamera miaka kumi na tano, amepiga milima na madaraja na harusi, na hicho ndicho kioo pekee ambacho watu watamkumbukia. Hakukasirika. Ilikuwa afadhali angekasirika.

Siku nne niliendelea kufanya kazi kwenye chumba chake cha picha nikikipita kioo kabatini. Nilikuwa na funguo, dada, mimi ndiye yaya. Siku ya tano nilichemsha maji, nikatia magadi mengi, nikakitoa. Utando wa picha kwenye kioo ni mwembamba kuliko ngozi ya maziwa. Ukilowana hulainika, halafu unautoa kwa kisu. Nilianza na ukuta, nikaja kwenye mlango, nikajiacha mwenyewe mwisho. Sikujua kwamba ningelia, lakini nililia. Ilikuwa picha nzuri. Naomba hilo usimsomee gavana.

Kisha nilikwenda mezani kwake na kioo kitupu mkononi, nikamwambia nimefanya nini. Alikigeuza geuza kwenye mwanga. Alikaa kitako kwenye sanduku, akaonekana mzee ghafla, na mimi ndiye niliyemzeesha. Akasema, "Ondoka nacho. Hakinifai." Koti nilimwachia mlangoni. Kadi zilizokwisha kuuzwa zimeuzwa, siwezi kuzifuata. Zile zilizobaki mke wake alizitia jikoni kwenye moto bila kuniangalia.

Hilario wa kwetu yuko hapa, anauza mikate na pilipili. Namkabidhi kioo nikiwa nimekifunga ndani ya suruali yangu nzuri. Kinatosha dirisha la mama, nimekadiria. Mwambie asage akiona.

Sitakuja mpaka baraza liseme. Nalala kwenye banda la farasi, nalisha na kusafisha. Kila treni ikilia natoka kuitazama, na wenye banda wameanza kunicheka.

Eulogio


Kijijini
19 Machi 1893

Mdogo wangu Eulogio,

Barua hii naandika mbio, Hilario anasubiri mlangoni amekwisha kufunga mizigo, na anapiga miluzi makusudi kunikera. Wote ni wazima. Lucaria amejifunza kusema jina lako, analitumia kumwitia mbwa.

Kioo kilifika kimekatika pembe moja. Shemeji yako alikiweka kwa udongo, pembe ile akaiziba kwa kibao. Mama amekaa mbele yake wiki nzima sasa. Anasaga, anatazama njia, anasaga. Kikohozi kimepungua, au sikisikii kwa sababu anaimba.

Mjomba nilimsomea barua yako neno kwa neno, na sentensi zile ulizokata nikamwonyesha zilipokatwa. Nilipofika kwenye unga wa mpishi, wenye chumvi, alinyanyua mkono nisimame. Nilidhani nimemuua. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka, Eulogio, anacheka huku ameshika mgongo, machozi yanamtoka, anasema, "Uji! Amewapa wazee uji wa asubuhi!" Mama akaja mbio akidhani ni msiba. Sijamsikia akicheka hivyo tangu walipokupeleka shule.

Januari walimchagua kuwa msimamizi wa mfereji mwaka huu, nadhani kwa kumwonea huruma. Sasa wanajuta. Jumatatu alikwenda barazani na fimbo yake, akaongea kwa mara ya kwanza juu yako. Akawaeleza habari za kamera kana kwamba aliyeibeba ni yeye. Akasema kioo hakimwoni mtu anayepita, kinamwona aliyesimama tu. "Mtu aliyesahau kwao angesalimia haraka haraka," akasema, "na leo tusingekuwa na picha ya kugombania. Mtoto wa dada yangu hakuharakisha." Nestora alikuwa mlangoni akisikiliza, na sikuwa na maji ya kummwagia, lakini hata sikuyahitaji. Gavana aliuliza kioo kiko wapi. Mjomba akamwambia apite kwa mama akachungulie dirishani. Akapita. Mama akamwamkia kutoka upande wa pili.

Hawakutoa uamuzi kwa maneno. Unawajua. Lakini jana mfereji ulianza kuchimbwa, na mjomba alipita akigawa vipande kwa fimbo, huyu hapa, yule pale. Alipofika kwenye mipopla alihesabu hatua kumi na nane, akachora mstari huku na huku, akapita bila kumtaja mtu. Na gavana alikuwa nyuma yake, akanyamaza.

Leo mchana juu yako pamekwisha kusafishwa na chini yako pamekwisha kusafishwa. Kipande chako kina nyasi zake na tope lake. Maji yamefunguliwa, yamekuja mpaka kwenye mstari, yamesimama hapo yanajaa. Watu wananung'unika, wenye mashamba ya chini wanapiga kelele, shemeji yako mwenyewe amekuja kuniuliza kama mjomba amepata wazimu. Vijana wawili walitaka kuruka ndani wamalize kwa saa moja, akawazuia kwa fimbo.

Nilimuuliza kuhusu kile kifuko cha unga, nikasema nimpe Hilario akuletee. Akasema kifuko hakitumwi. Mtu huja kukichukua.

Treni itakayomleta Hilario huko ndiyo itakayorudi keshokutwa. Panda hiyo hiyo. Usingoje ya Alhamisi.

Nimetoka kumpelekea uji huko mferejini. Amekaa juu ya jiwe, kando yake kuna koleo lenye mpini mpya, ule aliokuwa akiuchonga Julai siku niliyompelekea ombi lako na yeye akanyamaza. Alipoangalia pembeni niliusimamisha nikaupima. Mjomba unamfika puani, hawezi kuchimba nao. Ni wa urefu wako.

Dada yako,
Apolonia